Pini Katika Mfuko wa Shati

Pale kiwanja cha ndege ndogo walimwita Sindano, na jina likamganda mpaka mwenyewe akawa anajitambulisha hivyo kwenye simu. Alikuwa mshonaji, ila hakushona magauni wala sare za shule. Alishona ndege. Ndege za zamani, zile zenye mifupa ya mbao na ngozi ya kitambaa, haziruki bila mtu wa kuzivisha. Kitambaa hupimwa, hukatwa, hushonwa kwa mkono kwa uzi uliopakwa nta, kisha hupakwa dawa kali inayokikaza hadi ukikigonga kwa kidole kinalia kama ngoma. Kazi hiyo alifundishwa na mumewe mwaka ule waliooana, wakati yeye mali yake ilikuwa cherehani moja na ulimi mkali. Miaka thelathini na minne ikapita, na hakuna bawa lililotoka katika karakana ile bila kupita mikononi mwake.

Mumewe alikuwa Fundi, na hapakuhitajika kuongeza neno. Ukisema "Fundi" pale kiwanjani, kila mtu alijua ni nani. Walisema akisikia injini ikipita angani huku yeye anakunywa chai, anaweza kukwambia ni silinda ipi inayoumwa. Hakuwa msemaji. Rubani akija kulalamika kwamba ndege inatetemeka, Fundi humtazama kwanza, kisha humuuliza, "Inatetemeka yenyewe, au ni wewe?"

Ugonjwa uliingia kwa kunyata. Kwanza ufunguo wa nyumba ukapatikana ndani ya kopo la sukari, wakacheka. Kisha akamwita mkewe kwa jina la dada yake, wakacheka tena, ila safari hii Sindano alicheka meno tu. Halafu siku moja akamkuta amesimama kati ya choo na karakana, njia aliyoipita nusu ya umri wake, akiangaza huku na huku kama mgeni aliyeshushwa kituo kisicho chake.

"Unatafuta nini, mzee?"

"Natafuta kile nilichokuwa natafuta," alijibu. Wakatazamana, na hakuna kati yao aliyejua kama ule ulikuwa mzaha.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Sindano hakumwambia mtu. Mwana wao, aliyekuwa anaishi mbali, alipopiga simu na kuuliza kama baba hajambo, alimjibu, "Hajambo, uzee tu." Alijua vizuri kwamba fundi wa ndege husaini kazi kwa jina lake, na siku sahihi hiyo ikitiliwa shaka, basi tena. Na Fundi bila kazi angekuwa nini? Alimwona tayari amekaa uani kwenye kiti cha plastiki, akihesabu kunguru.

Basi akaamua kuwa kumbukumbu yake. Alimwandikia vikaratasi, kaza hiki, tia grisi kile, akavibandika ndani ya kifuniko cha sanduku la vifaa kana kwamba mwenyewe ndiye aliyeviandika. Kila jioni, Fundi akienda kunawa mikono, mkewe alichukua tochi na kioo chake kidogo cha kujitazamia, akapita pale pale alipopita mumewe, nati kwa nati. Mara mbili alikuta kosa. Mara ya kwanza ilikuwa kifuniko cha mafuta kilichowekwa tu bila kukazwa. Ya pili ilikuwa waya uliofungwa kinyume. Alirekebisha, akafyata ulimi, akaenda nyumbani kupika . Mwaka mmoja na miezi minne aliishi hivyo, na uzani wa mwili wake ukapungua hata majirani wakaanza kumpa pole bila kujua wanampa pole ya nini.

Kila baada ya miaka miwili kiwanja kile huwa na maonyesho ya ndege za kale. Si ndege za vita, ni ndege za raia tu: vijindege vya kufundishia wanagenzi, vya kubebea wagonjwa, vya matajiri wa zamani waliokwenda kutembeleana kwa bawa. Watu huja na watoto na miavuli, hupanga mstari nyuma ya kamba, hushangaa kwamba vitu vile vyembamba viliwahi kubeba binadamu. Mwaka huo iliyosubiriwa zaidi ilikuwa Manjano, ndege ya mabawa mawili juu na chini, iliyowahi kubeba barua, kisha ikanyunyiza dawa mashambani, kisha ikatupwa ghalani kuku wakataga ndani yake. Daktari mmoja wa meno, rafiki wa Fundi wa siku nyingi, aliiona, akaipenda, akaileta karakana vipande vipande. Fundi na mkewe walitumia miaka mitatu kuifufua. Daktari mwenyewe ndiye angeirusha mbele ya watu.

Wiki moja kabla ya maonyesho, nyaya za mkia zilibadilishwa. Ndani ya mkia mle kuna nyaya mbili zinazoinua na kushusha pua ya ndege. Kila waya hushikwa na nati, na kila nati hutiwa pini ndogo ya chuma, haizidi nusu ya njiti ya kiberiti, kisha ncha zake hukunjwa ili nati isijifungue kwa mtikisiko. Pini ikikosekana, nati hulegea. Nati ikitoka, rubani anabaki ameshika usukani ambao haushiki kitu.

Siku ile Sindano alikuwa na homa. Alikuwa amejifunga shuka mabegani, meno yanamgongana, macho yanaona ukungu. Fundi akatoa kichwa nje ya mkia, akafuta mikono. "Nimemaliza. Funga."

Siku nyingine yoyote angeingiza tochi na kioo kwanza. Siku ile hakuingiza. Alishona kitambaa kikafunga, akapaka dawa, akaenda kulala, na homa ikamlaza siku tatu.

Asubuhi ya maonyesho alikuwa anapiga pasi ovaroli ya mumewe, kwa kuwa Fundi siku ya maonyesho hupenda kuonekana kama bwana harusi. Akamalizia na shati la ndani yake. Pasi ikagonga kitu kigumu kwenye mfuko wa kifuani. Akatia vidole, akatoa pini. Ilikuwa mpya, haijakunjwa, bado imo kwenye kifuko cha plastiki cha stoo chenye namba ya Manjano.

Stoo hutoa pini kwa idadi, mbili kwa kazi ya mkia, na moja ilikuwa kiganjani mwake.

Fundi alikuwa mezani, anakunywa chai. Sindano akamwekea pini mbele ya kikombe. Akajitahidi sauti iwe ya kawaida. "Mzee, hii ya nini?"

"Pini."

"Naona ni pini. Ya wapi?"

Fundi akaigeuza. "Ya mkia."

"Mkia wa Manjano? Si uliziweka zote mbili?"

"Ya Manjano? Manjano bado. Tunasubiri nyaya." Kisha akauona uso wa mkewe, naye mwenyewe akashtuka, akajikusanya haraka kama mtu aliyeteleza mbele za watu. "Aa, ile. Niliweka. Nimeweka, nakwambia. Kwani mimi nimeanza leo?" Akasimama, akachukua kofia. "Usinihoji kama polisi. Tutachelewa."

Njiani Fundi alitangulia mbele. Sindano alikuwa amefumba pini kwenye ngumi.

Alikuwa na mpango. Angewahi, angefumua nyuzi kumi tu za mshono, angechungulia, angeshona tena, na hakuna ambaye angejua. Lakini walipofika walikuta Manjano imeshatolewa nje, imesimama ya tatu kwenye mstari, baina ya kijindege chekundu cha kiti kimoja na kingine cha rangi ya fedha kilichowahi kubeba wagonjwa. Kamba imezunguka, watu wamejaa wanapiga picha. Stoo imefungwa, mtunza stoo yuko mapumziko, hapakuwa na wa kuulizwa ni pini ngapi zilitoka. Spika zilikuwa zimeshaanza kupiga kelele. Mtangazaji alikuwa anasema Manjano itapanda saa nne kamili.

Ilikuwa saa tatu na robo.

Akamfuata Daktari, aliyekuwa anavaa glavu huku akipiga soga na watu. Njiani alipanga maneno. Alipofika, maneno aliyoyapanga yakatawanyika, yakatoka mengine.

"Shemeji, usirushe leo."

"Kulikoni, shemeji?"

"Mshono wangu wa mkia. Nilishona nina homa. Siuamini. Niachie nifumue nishone upya, nusu saa tu."

Ndiyo hila aliyoipata, kujitwika lawama yeye. Jina lake liharibike, la mumewe libaki. Daktari akaenda kwenye mkia, akapitisha kidole juu ya mshono taratibu, kama anapapasa ufizi. Akacheka.

"Shemeji, mshono huu utanizika mimi na wewe, na wenyewe ubaki. Hata mashine haishoni hivi. Halafu Mkaguzi ameshasaini jana."

"Mkaguzi hakuangalia ndani."

"Ndani ni kazi ya Fundi," Daktari akasema, kana kwamba kwa hilo mjadala umefungwa.

Fundi mwenyewe akatokea, ovaroli imenyooka. "Mshono una nini?" Akainama, akautazama. "Mshono mzuri huu. Acha woga, mama." Akampiga kofi dogo la begani, mbele za watu, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya. Bibi mmoja akamwomba asimame karibu na ndege apigwe picha na wajukuu, naye akasimama, kifua mbele, anatabasamu.

Pale ndipo mahali pa kusema, na Sindano alijua. Angesemaje? Angemvuaje mtu nguo katikati ya picha? Akarudi nyuma hatua moja, halafu nyingine, mpaka mgongo ukagusa kamba.

Saa nne kasoro dakika tano Daktari akapanda, akajifunga mikanda. Manjano huwashwa kwa mkono: mtu husimama mbele, hushika pangaboi, lile panga la puani linaloivuta ndege, huizungusha kwa nguvu na kuruka nyuma. Ni kazi ya kufa au kupona kwa asiyeijua. Fundi akasimama mbele.

"Tayari?"

"Tayari!"

Akavuta, akaruka nyuma kama kijana, injini ikakohoa, ikashika. Watu wakapiga makofi. Hakukosea hata hatua moja. Mikono yake ilikumbuka kila kitu, na kwa kitambo kidogo Sindano akaanza kujidanganya. Mtu mwenye mikono ile atasahauje pini? Kisha akafumbua ngumi yake na kuiona.

Ndege ikaanza kujongea kwenye majani, ikielekea mwanzo wa njia ya kurukia.

Hakumbuki jinsi alivyopita chini ya kamba. Anakumbuka viatu vikimtoka, kwanza kimoja, kisha kingine. Alikuwa na miaka hamsini na saba, ametoka kitandani kwa homa, na alikimbia. Nyuma yake mtu wa zimamoto alikuwa anapiga filimbi. Spika zikasema, "Mama! Mama, picha zinapigiwa upande wa pili!" na umati wote ukaangua kicheko, na kicheko kile kikamfuata hadi mbele. Alikata kona, akaupita mkia, akalipita bawa la kushoto akiitazama mishono yake mwenyewe ikitetemeka kwa upepo, akasimama mbele ya pua ya ndege, mikono wazi. Pangaboi haikuonekana, ilikuwa kama moshi tu unaozunguka. Akafumba macho.

Injini ikazimika. Alipofumbua, kati yake na ncha ya pangaboi zilikuwa hatua saba au nane.

"Una wazimu?" Daktari alikuwa anapiga ukelele, ametoa nusu ya mwili nje. "Shemeji, una wazimu? Ningekukatakata!"

Watu wa zimamoto wakafika. Akafika pia Mkaguzi, mwanamke mrefu wa makamo aliyejifunza ufundi katika karakana ile ile, chini ya Fundi, na mpaka leo alimwita Mwalimu. Wa mwisho alikuwa Fundi, anatembea taratibu, uso umejaa wasiwasi wa kweli, kwa kuwa alidhani mkewe ameugua tena.

"Kuna nini, mama?" Mkaguzi akauliza.

"Fungueni mkia."

"Kwa sababu gani? Mshono?"

Sindano akatikisa kichwa. Akafungua ngumi. Pini ilikuwa imemchora alama nyekundu kiganjani. Hakumtazama Mkaguzi wala Daktari. Alimtazama mumewe, na alitamani ardhi ipasuke immeze kabla hajamaliza kusema.

"Mume wangu anasahau," akasema. "Zaidi ya mwaka sasa. Nimekuwa nikimfuata nyuma. Safari hii sikumfuata. Hii ilikuwa mfukoni mwake."

Spika bado zilikuwa zinachekesha watu. Pale kwenye majani hakuna aliyecheka. Fundi akavua kofia, akaivaa tena.

Sindano akatoa wembe wake wa kazi, akapiga magoti, akaukata mshono ambao Daktari alisema utawazika. Mkaguzi akaingiza tochi, akaingiza kichwa, akakaa humo muda mrefu. Sindano aliomba. Mpaka leo hajui aliomba nini, Mkaguzi aikose pini ili yeye awe amesema kweli, au aione ili mumewe awe mzima.

Mkaguzi akatoka. "Zote mbili zipo, mama. Zimekunjwa vizuri. Kazi safi kabisa."

Ikaja kufahamika baadaye kwamba Fundi alikwenda stoo mara mbili. Alisahau kwamba ameshachukua pini zote mbili, akarudi akasema moja imepungua, akapewa ya tatu.

"Umesikia?" Fundi akamwambia mkewe. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Umesikia? Kazi safi." Akawageukia wengine, akipiga kifua. "Miaka thelathini na sita! Halafu huyu, huyu niliyemfundisha mimi..." Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta.

Mkaguzi angeweza kuliacha hapo. Sindano anamwombea heri na kumlaumu, yote mawili, kwa kuwa hakuliacha. Alimsogelea mzee, akamshika mkono kwa adabu, kama mtoto wa nyumbani.

"Mwalimu, pole. Niambie tu nimalize maandishi yangu. Pini hizi ulizifunga lini?"

"Leo. Leo asubuhi."

"Nani alikuwa na wewe?"

"Kaka yangu. Alinishikia tochi." Akageuka kutafuta. "Alikuwa hapa sasa hivi."

Kaka yake alikuwa amezikwa kabla Mkaguzi hajazaliwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapo hakufa mtu, lakini Sindano aliona nyuso zote tatu zikibadilika kwa pamoja, akajua kwamba kilichokuwa kinafichwa hakifichiki tena. Daktari alishuka kwenye ndege. Alivua glavu moja, akaikunja, akaikunjua. Akaenda pembeni akakaa kwenye majani.

Manjano haikuruka siku hiyo. Mtangazaji alisema ni hitilafu ndogo.

Barua ya kumwondolea Fundi ruhusa ya kusaini ilikuja baada ya wiki moja, imeandikwa kwa heshima kubwa, na hiyo heshima ndiyo iliyouma. Fundi hakuisoma. Hakuwa anasema na mkewe. Akiwekewa chakula anakula, akipewa maji ya kuoga anaoga, lakini neno hakumpa, si zuri si baya. Usiku aligeukia ukuta. Sindano aliomba msamaha kwa kila lugha aliyoijua, ya kusihi, ya kukasirika, hata ya utani. "Basi nitukane," alimwambia. "Nitukane moja tu, nijue umo humu ndani." Hakumtukana. Siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili aliamka mapema, akavaa ovaroli, akamtingisha mkewe begani. Uso wake ulikuwa mkunjufu.

"Amka, mama. Leo Manjano inapanda. Umemaliza mkia?"

Sindano akakaa kitandani, mikono mapajani. Kinyongo chote kilikuwa kimefutika, si kwa sababu amesamehewa, ila kwa sababu hakikuwa na mahali pa kukaa tena. Aliyekosewa hakumbuki. Aliyekosa peke yake ndiye aliyebaki na kosa lake, na hakuna tena mtu duniani wa kumwambia yameisha.

Kosa alilofanya asubuhi ile ni kumweleza ukweli. Alimweleza polepole, kwa upole, tangu mwanzo, na Fundi alilia upya kana kwamba ndiyo anasikia mara ya kwanza, kwa kuwa ndiyo alikuwa anasikia mara ya kwanza. Sindano hakurudia tena. Tangu hapo akiulizwa kuhusu Manjano hujibu, "Bado tunasubiri nyaya," naye mumewe hutikisa kichwa na kuwalaani watu wa nyaya.

Mkaguzi hakumzuia Sindano kushona. Alirudi kazini siku tatu kwa wiki, siku ambazo dada wa jirani hukaa na mzee. Alishona upya mkia alioukata, mshono sawasawa na ule wa kwanza, na watu wa karakana walimsalimia vizuri, wengine vizuri kupita kiasi.

Jumamosi moja alasiri Daktari alikuja nyumbani. Sindano alimkaribisha ndani, akaenda jikoni kuchemsha chai, akaacha mlango wazi kidogo. Alimsikia Daktari akijikohoza, akitafuta pa kuanzia, kisha akasema kwamba injini ya ndege yake inakosa nguvu ikipata moto, mafundi wapya wamebadilisha hiki na kile, wameshindwa.

Sindano akazima jiko asikie.

"Ikiwa baridi inavuta vizuri?" Fundi akauliza.

"Vizuri kabisa."

"Basi msihangaike na mafuta. Nenda kwenye koili ya cheche, ile ya kulia. Ikipata joto inapasuka ufa mdogo, ikipoa unajifunga. Hutauona kwa macho. Ipashe moto kwanza, halafu ipime."

Daktari akaomba kalamu, akaandika. Wakanywa chai. Wakaongea habari za mvua. Alipoondoka alimshika Sindano mkono mlangoni kwa muda.

Fundi alikuwa bado ameshika kikombe. "Yule mzee ni nani?"

"Daktari. Rafiki yako."

"Mtu mwema," Fundi akasema. "Lakini injini hajui hata herufi moja."

Sindano akacheka. Kilimtoka kicheko kikubwa, cha tumbo, ambacho hakuwa nacho kwa muda mrefu, na mumewe akafurahi kuona amemchekesha, akacheka naye. Kisha akachukua vikombe, akaenda kuviosha, akafungulia maji mpaka mwisho ili yapige kelele, akashika kingo za sinki kwa mikono miwili, akasimama pale mpaka aliposikia mumewe akimwita kwa jina la dada yake, akaitika.